Skripti ya Sikuli ilisema imefunguliwa

Jolie, kaa chini. Sikuli amekwisha.

Unajua ile dosiye ya siri, ile folda ya kompyuta ya shule, anamofichia michoro ya kumcheka préfet, mkuu wetu wa shule. Aliandika skripti, kiprogramu kidogo cha kumwambia kama imefunguliwa, kabla hajaweka mchoro mpya.

Leo courant ya umeme ilikatika; iliporudi, dosiye ilikuwa imejifunga. Skripti ikasema: "Imefunguliwa." Imefunguliwa! Kumbe inatazama tu kama jina la dosiye lipo. Lipo siku zote, mutoto wa watu!

Sikuli akaweka mchoro mpya bila kuangalia, ukabaki nje ya kufuli. Préfet akauona.

"Sikuli, huyu mbuzi ni mimi?"
"Hapana, papa préfet."
"Mbona amevaa miwani yangu?"

Sasa préfet anataka neno la siri la dosiye kesho asubuhi, la sivyo anamfukuza. Sikuli anagonga kichwa ukutani: "Mustari mumoja tu wa kuangalia kufuli, ningepona!"

Na yule mbuzi, Jolie, ndiye mchoro wenye heshima kuliko yote iliyo mle ndani.