Damu Iliyotaka Kuninyima Mke

Tunduma, Ijumaa jioni

Kwako dada yangu Zakia,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia wewe na watoto, halafu Baba na mgongo wake, halafu ng'ombe, ingawa najua Baba angewatanguliza ng'ombe. Poleni na joto la Kamsamba. Mimi huku kwenye baridi nimenawiri, hata Wazambia wanaokuja kununua maturubai wakinisalimu mulishani wanadhani duka ni langu. Ningekupigia, lakini simu yako anashinda nayo Baba, na habari hii nataka aipate kwako ikiwa imepoa.

Ulisikia kwamba tajiri yangu, Mzee Abdulrahim, aligongwa na pikipiki pale Mpemba akavunjika paja. Alipoteza damu nyingi. Ndugu zake wote wako Ujiji, na majirani walipoombwa kutoa damu kila mmoja akakumbuka ana safari. Binadamu bwana! Shamba atakupa, damu hakupi. Mimi unanijua: nilikunja shati, nikamwambia nesi achote kwa adabu, hiyo ni damu ya mtu aliyesoma baiolojia mpaka kidato cha pili.

Mzee akapona, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Nia yangu kwa binti yake Bushra unaijua. Basi siku ya dua ya shukrani Mzee alisimama na magongo yake mbele ya wageni, akatangaza kwamba damu yangu inatembea mwilini mwake, kwa hiyo mimi ni mwanawe wa kumzaa na Bushra ni dada yangu. Watu wakapiga takbiri. Na mimi nikapiga, dada, huku pilau imejaa mdomoni.

Nikamwendea kisayansi. Nilimweleza kwamba chembe za damu huzeeka, ikipita miezi kama minne zile alizotiwa zitakuwa zimekufa, kwa hiyo tungoje tu. Akaniuliza kama na wema nao hufa baada ya miezi minne. Nikamleta shehe, akamwambia kinachozuia ndoa ni ziwa la kunyonya, damu ya mfuko haimo. Mzee akajibu kwamba kwao wazee walichanjiana tone moja tu wakawa ndugu wasioozana, sembuse mfuko mzima! Akatoa na ushahidi: tangu atoke hospitali ameanza kutania wateja na kutamani wali kwa maziwa mgando, tabia zangu hizo. Kweli anatania, ila anatania vibaya. Bushra naye akiniletea chai ananiita kaka Amri kwa sauti ya kunichoma, kisha anageuka kufuta macho.

Sasa shika moyo. Damu yangu haikuingia kwa Mzee hata tone. Nesi Witness aliniambia siku ileile niliyotoa damu, nikiwa nakunywa soda, kwamba kundi langu halipatani na la Mzee; yangu imewekwa kwenye jokofu imngoje mwingine, na Mzee katundikiwa ya mtu asiyejulikana. Nilijua, nikanyamaza. Mtaa mzima unaniita mwokozi, mama lishe ananiongezea nyama bila kuombwa, wewe ungesema? Nilipomnong'oneza Bushra, alinitazama kama anayemtazama mbuzi aliyekula khanga yake, akaniambia nichague: sifa au yeye.

Leo baada ya swala nimemwambia Mzee. Aliyashika magongo yake, nikaanza kuutafuta mlango kwa macho. Kisha akauliza hiyo damu ni ya nani basi. Nikamjibu kwamba mfuko hauandikwi kabila wala dini. Akatazama barabarani, madereva wa kila taifa kwenye foleni ya malori, na akina mama wa Kinyiha wauza ndizi anaowafukuzaga barazani. Akasema huenda mmoja wao ni nduguye, na jana tu amemtukana. Akawaita akina mama wale wakae kivulini.

Halafu akanigeukia. Akasema kumbe amekuwa akiniita mwanangu bure, maana sina hata tone mwilini mwake. Basi kama jina hilo bado nalitaka, nikalete wazee wangu.

Kwa hiyo, dada, mwandae Baba. Avae kanzu ile nyeupe, na asianze kutaja ng'ombe kabla hajaulizwa. Njooni na mchele na maziwa mgando, kwani Mzee bado anavitamani vilevile, na hapo sayansi yangu imegota.

Wabusu watoto, waambie mjomba anaoa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye damu inayotembea kwa mtu nisiyemjua,

Amri