Petro wa Ukutani

Mpendwa Wanjiru,

Sisi huku Subukia tu wazima. Cucu, bibi yako, anakusalimu, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeuliza kama yule mwandishi wa kale unayemsoma huko Ujerumani aliwahi kunifaa mimi, mkulima wa kahawa. Ndiyo, mara moja. Nilikuwa karani mpya wa kanisa, mwoga sana, na nilikuwa nimeazima kitabu chake kuhusu maisha na sanaa. Nilichoelewa ni kwamba picha haihukumiwi kabla mtu hajatulia mbele yake.

Wakati huo mchoraji mmoja alimchora mtume Petro ukutani mwa kanisa akiinua upanga kwa hasira, akampa uso wa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mzee Karanja. Watu walicheka sana.

"Karani, leta chokaa! Futa huo upuzi!" Mzee Karanja akanguruma.

Nilileta ndoo ya chokaa, maana angeweza kunifuta kazi papo hapo. Hata hivyo nikasema, "Mzee, tafadhali itazame kwanza."

Alinikazia macho, kisha akaugeukia ukuta. Alisimama pale mpaka kicheko kikaisha.

"Kumbe hii ndiyo sura wanayoiona watoto wangu nikikasirika?"

Akanigeukia.

"Rudisha chokaa," akasema.

Sitakudanganya kwamba alikuwa mpole baada ya hapo. Lakini kwenye vikao vya kamati humo kanisani, hasira ilipompanda, aliutazama ule ukuta kidogo, halafu akaanza upya alichokuwa akisema.

Nakuombea kila jioni,
Guka, babu yako