Udi Wangu na Kompyuta ya Huwaida

Matondoni, Lamu
12 Mei 2025

Mpendwa mjukuu wangu Faiz,

Assalamu alaikum. U mzima? Kifua chako na baridi ya Nairobi chaendeleaje? Wala chakula, au washinda na chai na mkate mkavu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mimi nina hasira, na hasira hiyo ni yako peke yako.

Simu zangu wazikata. Barua hii jaribu kuikata. Mimi nasema, nduguyo Huwaida aandika, na nimemwapisha asilainishe hata neno moja.

Wajua riziki ya Huwaida ni michoro ya kofia. Huichora kwenye kompyuta uliyompa, akaitanua kwa vidole viwili ahesabu vitundu, kisha washonaji wakaifuata. Baada ya Idd vidole viwili vikagoma. Mchoro hautanuki, haupandi, haushuki. Akakuuliza. Ukasema azime awashe. Akazima, akawasha. Ukasema apafute pale pa kupapasia. Akafuta mpaka pakang'aa. Ulipoishiwa na maarifa ukaandika kwenye kundi la familia, mbele ya wakwe zetu: "Ni nyanya na udi wake! Ameifukiza kompyuta, moshi umeiziba. Irudisheni Nairobi nimpe mtu wa kuitunza."

Ndiyo, niliifukiza. Alhamisi moja niliiweka juu ya kitenga cha kufukizia pamoja na nguo zangu, chetezo cha udi chini. Kitu kizuri kimeingia nyumbani kwangu nisikifukize, kwani sina adabu? Lakini niambie wewe uliyesoma: kidole kimoja kikigusa, mshale waenda kokote. Viwili ndivyo havisikii. Moshi wangu wajua kuhesabu vidole?

Huwaida akakuamini wewe. Akanifungia mlango wa chumba chake, mimi niliyemlea! Na bwana harusi wa Mombasa aliyemwagizia kofia atishia kumpa kazi mtu mwengine. Hilo ndilo lililonichoma, Faiz.

Juzi nikagonga mpaka akafungua. Nikamwambia, kama kimoja chasikia na viwili havisikii, basi kuna mtu ameviamuru visisikie. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta swichi za vidole viwili na vitatu zimezimwa. Akaziwasha. Mchoro ukatanuka papo hapo. Akalia, akanibusu mkono.

Nani alizizima? Idd ulilala kifudifudi kwenye mkeka wangu, wacheza mpira kwenye kompyuta ya Huwaida, walalama: "Nyanya, nikigusa kidogo tu picha yaruka!" Kisha ukabofyabofya, picha ikatulia, ukacheza mpaka adhuhuri. Ni wewe, mjinga mkubwa wewe. Ukasahau, ukanitwika mimi.

Sasa sikiza. Rudi kwenye kundi lile lile, mbele ya wale wale, useme ni wewe. Mtake radhi Huwaida kwanza. Karibu kazi yake ife. Mimi nitakusamehe, lakini si leo.

Nisalimie mkeo Nasreen, mwambie akupikie uji wenye tangawizi. Babako Mahdi akusalimu, na shangazi yako Rahima pia, ingawa yeye bado akucheka. Mola akuhifadhi na akufungulie kila ndia ya kheri uipitayo.

Kompyuta haiji Nairobi. Ukiitaka, njoo uichukue mwenyewe mikononi mwangu. Nitakufungulia mlango, nikukemee mpaka nichoke, kisha nikulishe.

Nyanyako akupendaye, na leo akukasirikiaye,
Bi Ummu