Mabanzi Mabichi Kwenye Boila ya Baba Yako

Kambi ya Kiwanda cha Mbao,
Elburgon.
17 Juni 1955

Mpendwa mwanangu Joash,

Nakusalimu sana. Kifua chako kimepona? Huko Kampala unavaa sweta? Sisi wazima, ila mvua haituachi na mgongo wangu unauma kidogo.

Barua yako ilinikosesha usingizi. Unasema utaacha mafunzo uje kuomba kazi ya boila mahali pa baba yako kabla hajafukuzwa, tusije tukatolewa nyumba ya kambi. Ngoja kwanza, nikueleze.

Ni kweli alipewa barua ya onyo: mwezi mmoja kazi itengemae au aondoke. Mvuke ulikuwa unaisha, msumeno unasimama katikati ya gogo, na Bwana mwenye kiwanda anasema baba yako Obura amezeeka, analala kazini. Hata mimi nilimshuku kulewa pombe ya busaa. Mungu anisamehe.

Kumbe shida ni kuni. Zamani mabanzi, yale mabaki ya magogo yaliyopasuliwa mbao, yalikaa bandani miezi mingi kabla ya kuchomwa. Huyu nyapara mpya, Kiptanui, alitaka banda liwe la mbao za kuuza, basi mabanzi yakawa yanatoka kwenye msumeno moja kwa moja mpaka motoni, yanatoa maji. Baba yako naye, akiona moto umelala, anazidi kushindilia mpaka unakosa hewa. Moshi mzito, joto hakuna.

Mimi moto naujua, napika kila siku. Nilichukua banzi moja bichi nikalipeleka kwa Kimaiyo, karani wa posho mwenye mizani. Akacheka, "Mama Joash, leo moto nao unakula posho?" Nikamwambia, "Wewe pima tu, baba." Ratili ishirini na nne. Nikaliweka juu ya meko yangu majuma matatu, nikarudi nalo. Ratili kumi na tano! Hizo tisa zote zilikuwa maji, Joash. Moto ulikuwa unahangaika kuyakausha hayo kwanza, na joto linapotea na moshi, ndipo ukumbuke maji ya boila.

Kimaiyo aliandika hesabu hiyo akampelekea Bwana. Kiptanui alinuna, lakini Bwana alisema wajaribu juma moja na mabanzi ya mwaka jana yaliyobaki chini ya bati. Baba yako akapasua membamba, akatia kidogo kidogo. Toka Jumatatu mpaka Jumamosi msumeno haukusimama hata mara moja.

Jana Bwana alichana ile barua ya onyo. Banda limerudishwa kwa kuni, na mabanzi yanapangwa kwa kupishana ili upepo upite.

Basi usije, mwanangu. Soma. Nimemuuliza baba yako nikuandikie nini, akasema, "Mwambie hapa hakuna nafasi ya kazi. Mwenye boila yupo."

Awuor, dada yako, anakusalimu, na mjomba Wamalwa pia. Mungu akulindie kifua hicho na akufikishe mwisho wa masomo.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Namalwa