Bakuli la Babu Kabatini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Bibi pia shikamoo yake, lakini tafadhali usimsomee barua hii kabla wewe mwenyewe hujafika mwisho. Natumaini goti lake limepata nafuu, na mvua imewafikia hapo kijijini. Mimi ni mzima, nakula vizuri, ila usingizi wa siku hizi hauna raha.

Mwalimu wetu wa Historia alitupeleka kuona magofu. Tulitoka hapa Korogwe kwa lori, tukapita Segera kuelekea Handeni, tukafikia bondeni kwenye nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge. Tulilala sakafuni, popo wakigombana darini. Siku ya kwanza tuliona ukuta wa mawe wa boma la kale, uliojengwa kuwazuia waliokuwa wakiteka watu kuwauza utumwani. Nilifurahi mno, Mama. Niliupapasa ule ukuta mpaka Fausta, jirani yangu wa kitanda, akanicheka: "We Mwanaidi, unaposa jiwe?"

Kesho yake, tukiwa tunakata njia ya mkato, tukatokea kwenye mahame. Kuta za udongo zimeanguka, nyasi zimefika kifuani. Kwanza niliona mlimau. Kisha nikaona kizingiti ambacho Baba alikipasua akichanja kuni, nikajua ni kwetu. Ni juzijuzi tu lori la Operesheni Vijiji lilitubeba kutuhamishia kijiji kipya, na tayari wenzangu walikuwa wakiulizana kama pale waliishi watu wa enzi za Wajerumani.

Fausta alijikwaa, akainua bakuli la mti kutoka majanini. "Mwalimu! Kitu cha kale!"

"Lina tundu chini," Mwalimu akasema. "Nani ataeleza la nini?"

"La kuchujia pombe!" mmoja akajibu.

"Basi aliyelitoboa alikuwa ameshalewa!" akadakia Fausta.

Wakacheka. Mama, mimi nilijua. Nilikuwepo Bibi alipolitoboa kwa msumari wa moto siku tunahama. Alisema likiwa na tundu hakuna atakayelitamani, na Babu atabaki na chombo chake, asidhani tumemtupa. Wenzangu walikuwa wamesimama juu ya kaburi la Babu, pale pale Bibi alipoliacha. Mimi, ambaye darasani nina jibu la kila swali kwenye daftari, sikufungua mdomo. Niliona haya kusema mahame yale ni kwetu.

Na hilo si baya kuliko yote. Tuliporudi shuleni, Mwalimu aliliweka bakuli kabatini, akataka mwenye mwandiko mzuri aandike kikaratasi cha maelezo. Nikaandika mimi, kwa mkono wangu: "Chombo cha kuchujia. Wenyewe hawajulikani." Kila nilipopita pale niligeuza uso.

Jana nilimfuata Mwalimu ofisini. Nilimweleza yote, la bakuli na la kaburi. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, na mimi nilikanyaga pale." Akalitoa bakuli, akanipa kwa mikono miwili.

Sasa limo sandukuni mwangu, nimelifunga kwa kanga uliyonipa. Ningeweza kulirudisha kimyakimya likizo ikifika, na Bibi asingejua kamwe. Sitaki hivyo. Nataka aje nami anifundishe maneno ya kumwambia Babu, maana mimi siyajui. Ukimsomea, kaa karibu naye. Akikasirika, usinitetee.

Nisalimie shangazi mkunga, na mdogo wangu anayeogopa kuku. Mjomba fundi baiskeli mwambie aikaze vizuri ile karia ya nyuma, kwa sababu kutoka barabarani hadi kwenye mahame ni mbali na Bibi hataweza kutembea. Kama atakubali kuja.

Nangojea neno lake kuliko matokeo ya mtihani wowote.

Binti yako, na mjukuu wa mwenye bakuli,
Mwanaidi