Kwa Mwenda, Kuhusu Wale Watu wa Karata

Mwenda wangu,

Naanza na ndizi, niimalize hiyo habari mapema. Maji ya mfereji yamerudi, mikungu ni mizito, na ile migomba ya kule chini nimeiegemezea miti isianguke. Dada yako Kendi amerudi kazini Embu. Kila asubuhi ananipigia simu kuuliza kama nimemeza dawa ya presha. Nimemeza. Usianze na wewe.

Hii karatasi nimeitoa nyuma ya daftari lako la karata, zile kurasa zilizobaki tupu. Sikuing'oa vibaya, nimekata na kisu polepole.

Kilichonifanya nishike kalamu ni baba yako mkubwa, Baba Kinoti. Jumanne alikuja kutoka Muthara akitaka niweke kidole kwa karatasi, shamba hili la Mitunguu liende kwake. Sikuweka. Na nisingekuwa na wewe, ningeweka. Ndiyo maana nimeona nikushukuru kwa maandishi, kwa sababu nikisema kwa mdomo nalia kabla sijafika katikati.

Unakumbuka vile nilikuwa naogopa hiyo michezo yako? Uliporudi kutoka chuo figo zimekataa, ukawa unapelekwa Meru mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, nilifikiri shida yangu ni hiyo moja. Halafu nikakukuta mchana umeinamia kompyuta, unacheza poka na watu wa nchi za mbali. Nikasema Mungu wangu, mtoto ni mgonjwa na sasa ni mcheza kamari. Nikaficha waya wa kuchaji ndani ya debe la unga. Uliutafuta siku mbili. Siku ya tatu ukasonga ugali mwenyewe ukaupata, ukaupangusa, ukacheka tu. Ukaniambia, "Mum, nikilala hapa bila kazi nitahesabu mabati mpaka niishe. Nacheza kidogo, nikifika mpaka wangu nafunga."

Na ulikuwa unafunga, hata ukiwa umeshindwa. Ulishindwa siku nyingi, sitakusingizia sifa. Hofu yangu haikuisha, ilipungua tu.

Kisha mkono ule wa sindano ukavimba, na wa pili uko kwa kompyuta. Ukasema, "Mum, niandikie." Nikakujibu mimi niliacha shule darasa la nne, hata jina langu naliandika nikitoa jasho. Ukasema, "Basi toa jasho."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma tena, mwanangu, na uzee huu. Ulinieleza kwamba unaokutana nao mezani ni walewale kila mchana, na mtu ambaye huoni uso wake unamjua kwa vile anavyocheza. Anaweka dau haraka au anangoja? Karata zikiwa mbaya anazitupa, au anajifanya anazo nzuri? Kila mmoja akapewa ukurasa wake. Majina yao ya Kizungu ukanigeuzia: Mpishi, Kiatu Kimoja, Daktari Usingizi.

Nilikuwa naandika upuzi. "Mpishi leo hana raha, labda bibi yake amemnunia." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Mum, usiandike unavyomhurumia. Andika anafanya nini." Nikafuta. Lakini kumhurumia sikuacha. Si niliwapeleka kwa maombi ya akina mama? Nilifikiri ukiandika jina la mtu kila siku, na mambo yake, ni lazima umuombee, kwani daftari lingine la majina ya watu nililojua ni lile la maombi tu. Nikasoma majina yote matatu. Mama Karimi, unamjua hana mchezo, akafumba macho akapaza sauti, "Bwana, mkumbuke Kiatu Kimoja popote alipo, na umpe cha pili!" Nilipokuhadithia uliniomba nirudie mara nne. Wiki hiyo Kiatu Kimoja alikushinda vibaya sana, ukasema ni Mama Karimi.

Nafikiri siku niliyofurahi zaidi ni ile ya Mpishi. Nilikuambia huyu akitaka kukupiga, kwanza anajifanya anafikiria kuondoka. Ukaniuliza nimejuaje. Nikakuambia ni kama wale wanunuzi wa ndizi, anasema sitaki, bei mbaya, na miguu haijasonga. Uliangalia kurasa za nyuma, moja, nyingine, ukasema, "Mum, hii mimi sikuwa nimeiona." Mwenda, hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo maishani. Baba yako alikuwa mtu mzuri, Mungu amlaze, lakini hata yeye hakuniambia hivyo.

Halafu ile Alhamisi ulienda Meru, na hukurudi.

Hapo siandiki.

Daftari lilikaa mezani tangu tukuzike, nimelifunika na kitambaa. Nililifunua siku moja kabla baba yako mkubwa aje, nikasoma mwandiko wangu mbovu na wako mzuri, umefuatana kama mtu na mtoto wake. Nikalala nimetulia kidogo.

Sasa Jumanne. Nilikuwa natwanga mukimo wa ndizi na mahindi. Baba Kinoti hakukaa hata dakika, akatoa karatasi kwa koti, na kile kikopo cha wino. "Mama Mwenda, pole, lakini shamba halingoji machozi. Wewe ni mjane, na sasa kijana hayuko. Chifu amekubali. Wazee wamekaa. Ofisi ya ardhi kila kitu kiko tayari. Weka kidole hapa, ni kitu kidogo." Mimi hutetemeka mtu akinipandishia sauti, unanijua. Nilikuwa nimeshapangusa kidole kwa leso.

Akasema tena kila kitu kiko tayari. Akasema mara ya tatu. Nikajiuliza, kama kila kitu kiko tayari, kidole changu ni cha nini?

Nikakumbuka ukurasa wa Daktari Usingizi, ulionisomea herufi kwa herufi nikiandika: "Akiwa na karata nzuri hunyamaza. Akiongea sana hana kitu. Usimkimbilie. Ngoja." Basi nikangoja. Nikamwekea chai, nikakaa. Yeye akaongea. Mara chifu alikubali mwezi jana, mara ni juzi. Mara wazee walikuwa watano, mara tisa. Chai yangu ilipoa bila kuiguza.

Nikamwambia, "Baba Kinoti, lete hiyo karatasi niisome."

"Utaisoma wewe? Tangu lini?"

"Tangu Mwenda."

Nilisoma na kidole, mstari kwa mstari, nikihema kama mtu anapanda mlima. Pale pa chifu palikuwa patupu. Pa wazee, patupu. Pa ofisi, patupu. Lililokuwa limeandikwa ni jina langu, na kiduara cha kidole. Nikamuuliza chifu ametia sahihi wapi. Akasema chifu atatia kesho. Nikamwambia basi na mimi ni kesho.

Alikasirika, akaniita mjanja wa uzeeni. Akaondoka na koti wazi. Alifika langoni akarudi kuchukua ndizi nilizomkatia, na alipozibeba akasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu kijana alikuwa akinisalimia vizuri." Machozi yalikuwa machoni. Hiyo haikuwa ya kuigiza. Nikampa ukurasa wake daftarini, Mwenda, kama ulivyonifundisha, anachofanya tu: "Baba Kinoti. Akisema ni kitu kidogo, ni kikubwa. Akisema kweli, sauti hushuka." Ni ndugu wa baba yako. Nataka nimjue vizuri ili nisimuogope, na nisimchukie pia.

Jumamosi Kendi alikuja, nikamwambia awaandikie wale watu wako kwamba umepumzika, si vizuri wakungoje bure. Aliingia kwa ule mchezo mchana, saa yenu ileile. Kiatu Kimoja akaandika poleni. Mpishi akaandika kwamba ulikuwa mgumu kushindwa na hukuwahi kumtukana. Daktari Usingizi, yule wa maneno mengi, hakuandika kitu. Alitupa karata zake, akakaa pale mezani bila kucheza mpaka Kendi akafunga. Nilimwelewa.

Asante, mwana wakwa, mwanangu. Uliniambia nikuandikie kwa sababu mkono unauma, na mimi nikafikiri ni mimi nakusaidia. Nimeanza gumbaru, yale masomo ya watu wazima, pale kanisani, Jumatatu na Jumatano, na mimi si wa mwisho darasani. Mama Karimi ndiye wa mwisho, lakini usimwambie mtu.

Ijumaa Kendi ameomba ruhusa, tunaenda ofisi ya ardhi kuuliza tutatoaje jina la baba yako kwa hati na tuweke letu. Naogopa. Kendi amesema ni foleni ndefu na maswali mengi, na huenda turudi mara kumi. Tutarudi mara kumi. Nakuahidi hivi: sitaweka kidole kwa karatasi ambayo sijaisoma mpaka chini, hata anayeileta akiwa na haraka ya namna gani. Na wakinipa ule wino nitawaomba kalamu. Jina langu ni refu na mkono wangu ni wa polepole. Watangoja.

Lala salama, Mwenda.

Mama yako,
Evangeline Kanana