Fungua Ile Busaa, Usiningoje

Akoth, mke mwenzangu,

Sasa mzee mmoja, mgeni wa hapa, akatoa mrija wa pombe mdomoni, akatema chini mbele ya watu yote. Hiyo ni busaa ya dada yangu Auma, hapa Kehancha. Aliiweka siku sita ndiyo ikuwe kali. Mzee akasema, "Mama, hii ni pombe ama ni maji ya kuosha sufuria?" Watu wakacheka mpaka mbuzi ikatoroka. Mbuzi ya huku ni nono, nitakuambia. Auma akajificha jikoni akalia. Na ni mimi nilimwambia aiache ikae.

Na ile busaa yetu ya sherehe ya kufungua nyumba mpya ya kijana wetu Ochieng, nilikukataza kugusa mpaka nirudi. Wewe ulisema siku ya tatu ndiyo tamu, nikakutukana bure. Hii kadi inakuja na mtu wa kuuza ng'ombe, anafika Oyugis leo. Fungua leo leo, watu wakunywe ikiwa mpya. Mimi niwekee kibuyu moja. Hata ikiwa chungu nitakunywa, sitatema.

Auma ananiita nimshikie kuku. Wacha niende.

Mke mwenzako